Kopo moja la kupimia: Mkristo mbele ya habari za chanjo, simu na vita

Kila mama anayenunua maharagwe katika soko la Mudaka hulitazama kopo kabla ya kutoa pesa. Analigeuza, anaangalia kama chini hapakubonyezwa, kisha anamfuata muuzaji kwa macho aone kama anajaza mpaka juu. Hakuna anayemwambia kwamba hana imani. Tunasema ni mama mwenye akili, anayechunga pesa ya watoto.

Jioni mama huyohuyo anapokea odio ya dakika tatu kwenye simu. Anayesema hataji jina lake, wala mahali alipo, wala tarehe. Kwa sauti ya uchungu anasema kwamba chanjo ya Mpox imeletwa ili kumaliza uzazi wa Waafrika. Kabla ya kulala, mama ameituma kwenye vikundi vitano, kimoja kikiwa kikundi cha wamama wa kanisa. Safari hii kopo hakuligeuza.

Hatuandiki haya ili kumcheka. Sisi wachungaji tulifanya kosa kama hilo, tena tukiwa kwenye mimbari, na tutalisema hapa chini bila kulificha. Tunaandika kwa sababu tangu Ebola, Covid, Mpox na vita, swali moja linaturudia karibu katika kila nyumba tunayotembelea: «Mchungaji, tumwamini nani?»

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kusema: waamini wakubwa, acheni maswali. La pili ni kusema: wote ni waongo, msimwamini yeyote. Jibu la kwanza linatufanya watoto. La pili linaonekana kama ushujaa, lakini mara nyingi anayelisema ameshamwamini mtu mmoja kabisa, yaani yule aliyemtumia odio. Neno la Mungu linatupa njia nyingine, nayo ni ngumu zaidi.

Mashaka yetu yana mizizi

Tuanze na jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: watu wetu wana sababu za kuwa na mashaka.

Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 mwezi wa nane 2018. Mwezi wa kumi na mbili, siku chache tu kabla ya uchaguzi wa rais, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, bali mwezi wa tatu 2019. Kwa Beni na Butembo ilitaja Ebola na usalama mdogo. Lakini rais mpya aliapishwa mwezi wa kwanza 2019, kwa hiyo kura ya wandugu hao kuhusu rais haikuhesabiwa popote. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, ila chumba cha kupigia kura ndicho kilichofungwa. Mara moja waandamanaji walivamia kituo cha Ebola huko Beni. Na siku ya uchaguzi, tarehe 30, watu wa Beni walipanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, ili ionekane kwamba ilikuwa inawezekana. Nani atawashangaa waliosema baadaye kwamba Ebola ni siasa?

Kisha kuna aibu nyingine. Mwezi wa tisa 2021, tume huru iliyoundwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti juu ya wanawake na wasichana waliotumiwa vibaya kimwili wakati wa kazi ya Ebola huku mashariki. Ripoti ilihesabu washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Wengi wa wanawake hao walikuwa wametafuta kazi tu. Mtu aliyekuja na gari jeupe kuokoa maisha alimwomba binti mwili wake kabla ya kumpa kazi. Kanisa lisilolia juu ya jambo hili halina haki ya kuwahubiria watu kuhusu imani kwa waganga.

Na tukumbuke Covid. Mwezi wa tatu 2021 nchi yetu ilipokea dozi milioni 1,7 za chanjo ya AstraZeneca. Kuanza kulicheleweshwa kwa sababu nchi za Ulaya zilikuwa zinachunguza habari za damu kuganda. Chanjo ilipoanza mwezi wa nne, muda wa dozi ulikuwa unakaribia kwisha, na karibu milioni 1,3 zikapelekwa nchi nyingine. Watu wakauliza: kama ni nzuri, mbona mnazigawa? Jibu lilikuwepo, na halikuwa na siri. Lakini ni wangapi walikuja kulieleza katika vijiji vya Kabare?

Kwa hiyo mashaka si dhambi. Tomaso aliomba kuona vidonda, na Bwana hakumfukuza. Watu wa Beroya walichunguza hata mahubiri ya Paulo, na Luka anawasifu kwa hilo katika Matendo 17. Kama mtume alichunguzwa, waziri, daktari na mchungaji nao wachunguzwe.

Lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli

Sasa tuligeuze kopo upande wa pili.

Ugonjwa uliosemwa kuwa ni siasa ulidumu karibu miaka miwili, mpaka mwezi wa sita 2020. Ulihesabiwa kwa wagonjwa 3.470, na 2.287 kati yao walikufa. Mwezi wa nane 2019 ulifika hata kwetu Kivu ya Kusini, katika Mwenga. Mwenga ilikuwa imepiga kura kama kawaida. Kama Ebola ilibuniwa ili kuinyima Beni kura, ilitafuta nini Mwenga, miezi minane baada ya uchaguzi?

Wakati wale waliokataa wakisema hakuna ugonjwa, watu walikuwa wanauawa kwa sababu ya maneno hayo. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, alipigwa risasi akiwa hospitalini Butembo. Alikuwa ameacha mke na watoto kwao ili kuja kututibu.

Na dawa ilipopatikana, haikutoka mbali kama tunavyodhani. Mwaka 1995 Ebola iliua watu wengi Kikwit. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona huko, Profesa Jean-Jacques Muyembe na watafiti wenzake wa nchi nyingine walipata kinga iliyogeuzwa kuwa dawa inayoitwa mAb114. Mwaka 2018 na 2019 dawa nne zilijaribiwa pamoja huku mashariki, kila mgonjwa akipewa moja kwa kura, ili isiwe daktari anayemchagulia anayempenda. Mwezi wa nane 2019 ilionekana wazi kwamba mbili, mAb114 ikiwa mojawapo, zinaokoa watu wengi kuliko nyingine, hasa wanaofika mapema. Zile mbili zilizoshindwa ziliachwa, hata kama zilikuwa na wenyewe waliozitumainia.

Hapo tunajifunza sayansi ni nini. Si mzungu mwenye koti jeupe ambaye lazima tumsujudie. Ni desturi ya kuligeuza kopo lako mwenyewe mbele ya wengine, na kukubali kama limebonyezwa. Hata sisi tunaoishi karibu na Lwiro, pale ambapo wazee wanapaita bado IRSAC, tumezoea kuona watu wa kwetu wakifanya kazi hiyo kwa mishahara isiyotosha.

Kosa letu kubwa ni kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza: «Je, kuna anayejinufaisha na jambo hili?» Swali la pili: «Je, jambo lenyewe ni kweli?» Kule Beni jibu la la kwanza linaweza kuwa ndiyo, na jibu la la pili pia likawa ndiyo. Mwanasiasa anaweza kutumia ugonjwa, na ugonjwa ukabaki ugonjwa. Nyumba ikiungua na mwizi akaingia kuiba, hatusemi kwamba moto haukuwepo.

Mpox katika nyumba zetu

Mwaka 2023 aina mpya ya Mpox ilionekana Kamituga. Kule ilianza sana kati ya watu wazima, kwa njia ya kukutana kimwili. Kwa hiyo ilipotufikia, ilikuja na jina tayari: ugonjwa wa wazinzi. Lakini katika zone ya afya ya Miti-Murhesa, ambamo Mudaka imo, wagonjwa wengi walikuwa watoto. Mtoto analala na ndugu zake wanne kwenye mkeka mmoja, wanaoga kwa maji ya beseni moja, wanashika vidonda bila kujua. Zinaa iko wapi hapo?

Tuliingia katika nyumba moja ambamo mtoto alifichwa chumba cha nyuma siku sita. Mama yake hakuogopa ugonjwa peke yake. Aliogopa kwamba wanakwaya wenzake wangeuliza baba wa mtoto alikuwa wapi. Alikuwa pia amesikia odio ikisema kwamba wanaopelekwa hospitali hawarudi. Tulikaa naye mpaka akakubali, na mtoto akarudi nyumbani mzima. Lakini siku zile sita alikuwa amelala na dada yake mdogo, na yule dada akaugua vilevile. Hiyo ndiyo bei ya odio ya dakika tatu.

Wengine walisema ni ugonjwa uliotengenezwa juzi. Ukweli ni kwamba mtu wa kwanza kujulikana duniani kuwa na Mpox alikuwa mtoto mdogo wa nchi yetu, huko Basankusu katika Ekwateri, mwaka 1970. Ni ndugu wa ile ndui ya zamani iliyomaliza vijiji vya mababu. Ndui ile ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imekwisha duniani kote, na ilimalizwa kwa chanjo. Waulizeni wazee wa kanisa wawaonyeshe kovu la chanjo ya ndui mkononi. Sisi tulio na miaka arobaini na kitu hatuna kovu hilo, kwa sababu tulizaliwa ndui ikiwa imeshindwa. Wazee hao walizaa baada ya kuchanjwa. Sisi ndio watoto wao.

Kulikuwa pia na swali zuri ambalo wamama walituuliza. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024 OMS ilitangaza Mpox kuwa hatari kwa dunia nzima. Mwezi wa tisa dozi za kwanza zilifika Kinshasa, na tarehe 5 mwezi wa kumi chanjo ilianza Goma. Lakini ilikuwa ya watu wazima. Wamama wakasema: «Wanaougua kwetu ni watoto, mbona mnawachanja wakubwa?» Hayo ni mashaka ya haki kabisa. Jibu ni kwamba chanjo ile ilikuwa imechunguzwa vya kutosha kwa watu wazima, na kwa watoto uchunguzi ulikuwa haujakamilika. Mtu anaweza kulalamika, na sisi tunalalamika pia, kwamba dunia ilichelewa kuchunguza kwa sababu kwa miaka mingi ugonjwa huu ulikuwa wa watoto maskini wa Kongo. Lakini tazameni: wenye chanjo hawakutaka kuwapa watoto wetu kitu ambacho hawajakichunguza. Mtu anayetaka kumaliza watoto hafanyi hivyo.

Na chanjo haifanyi muujiza. Inapunguza hatari, haiifuti. Inaweza kuleta maumivu ya mkono na homa ndogo. Anayesema haina shida hata kidogo anabonyeza kopo, na anayesema ni sumu anabonyeza kopo.

Kosa letu wenyewe

Tuliahidi kulisema. Mwaka 2021, katika kanisa letu mahalia, baada ya mahubiri, tulisoma mbele ya watu ujumbe uliokuwa unazunguka kwenye simu, uliosema kwamba chanjo ya Covid ni ile alama ya mnyama katika Ufunuo 13. Hatukujua nani aliuandika. Tuliusoma kwa sababu ulitumwa na mchungaji tunayemheshimu, naye alikuwa ameupata kwa mwingine. Na tulikuwa tumesoma shule ya teolojia. Tulijua kwamba katika sura ile alama inaambatana na kumwabudu mnyama, si na kutibiwa. Tulijua, tukanyamaza, kwa sababu watu walikuwa wanasema amina.

Mzee mmoja mwenye sukari alitufuata nje akauliza kama aende kuchanjwa. Tulimjibu: «Tuombe kwanza.» Maombi ni mema, lakini siku ile tuliyatumia kujificha. Miezi michache baadaye aliugua, akashindwa kupumua, akafa. Hatujui kama chanjo ingemwokoa, na hatutasema tunajua. Tunachojua ni kwamba alituuliza swali, nasi tulikuwa na jibu bora kuliko lile tulilompa.

Mithali 20:10 inasema Bwana anachukizwa na vipimo viwili tofauti. Tulikuwa na kopo dogo kwa daktari: kila neno lake tulitaka uthibitisho. Tulikuwa na kopo kubwa kwa ujumbe wa simu: tuliupokea wote bila kuupima. Mashaka ya namna hiyo si mashaka kweli. Ni imani iliyohamia mahali pengine.

Wakati wa vita

Ugonjwa huu wa vipimo viwili unazidi kuwa hatari wakati wa bunduki. Mwezi wa pili 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha mji wa Bukavu, vilichukuliwa na AFC/M23. Sisi wa Mudaka tuko barabarani, kati ya viwili hivyo. Siku zile simu zilijaa picha: nyingine za kweli, nyingine za vita vya zamani, nyingine za nchi ambazo hatujawahi kufika.

Tarehe 27 mwezi huohuo, watu walikuwa wamekusanyika Place de l'Indépendance mjini Bukavu katika mkutano wa AFC/M23. Milipuko ikatokea. Watu zaidi ya kumi walikufa na wengi wakajeruhiwa. Siku ileile kila upande ulisema ni upande mwingine uliofanya. Na siku ileile, katika vikundi vya kanisa, kulikuwa na Wakristo waliokwisha kujua bila kusitasita ni nani. Kila mmoja alijua kulingana na upande wa moyo wake. Waliokufa hawakuulizwa upande wao.

Leo kuna jambo jipya. Programu za akili bandia zinaweza kutengeneza sauti ya mtu akisema neno ambalo hakulisema, na uso wake ukitikisa midomo. Zamani tulisema: nimesikia kwa masikio yangu. Sasa hata hilo halitoshi. Mtu mmoja akiwa na simu anaweza kutengeneza odio ya chifu, ya askofu au ya jenerali, na kabla ya asubuhi majirani waliokula pamoja miaka ishirini wanaogopana kwa sababu ya kabila. Huku kwetu, uvumi kama huo unaweza kuua watu kwa panga.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 19:15, inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu. Tuifuate na kwenye simu. Ujumbe mmoja uliotumwa na watu mia si mashahidi mia. Ni shahidi mmoja, na mara nyingi shahidi huyo hana jina.

Tufanye nini

Tunapendekeza kwa makanisa yetu mambo machache.

Kabla ya kutuma habari, tujiulize: nani anasema, alijuaje, na nani mwingine aliyeona bila kusikia kwa huyu wa kwanza? Kama hakuna jibu, ujumbe ulale kwenye simu yetu.

Habari inayotufurahisha kwa sababu inamchafua adui yetu, tuipime mara mbili. Hiyo ndiyo inayotudanganya kwa urahisi.

Tujiulize pia: ni kitu gani kingenifanya nibadili mawazo? Tomaso alikuwa na jibu: vidonda. Alipovikuta, aliamini. Mtu asiye na jibu lolote kwa swali hilo asijiite Tomaso.

Katika kila kanisa kuna muuguzi, mwalimu au reko anayejulikana kwa maisha yake. Tumpe dakika kumi baada ya ibada, aulizwe maswali yote, hata yale magumu, na asipojua aseme hajui. Mchungaji naye ajifunze kusema hivyo. Neno «hatujui bado» halipunguzi heshima ya mimbari.

Na tulipokosea, tusahihishe mahali palepale. Kosa la kwenye kikundi lisahihishwe kwenye kikundi, na kosa la mimbarini lisahihishwe mimbarini. Sisi tulifanya hivyo, tumechelewa, mbele ya mjane wa yule mzee. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba mumewe alikuwa anatuamini sana.

Tunaliandika neno hilo hapa ili wachungaji wenzetu walibebe pamoja nasi. Watu wetu wameibiwa na wakubwa, wamekimbizwa na bunduki, na bado wanakuja Jumapili kutuuliza tumwamini nani. Bwana atupe kopo moja, lisilobonyezwa, la kumpimia daktari, mtawala, mwenye odio na sisi wenyewe. Amina.